Bendera Sita za Weldon

Wewe ungesimama? Uko ndani ya gari la mashindano, umebakisha kilomita tisa, saa inakimbia, na unajua kabisa kwamba ukiendelea hivyo hivyo utapata kikombe. Mbele, kwenye kona, mtu amekaa kando ya barabara na ameinua mkono. Ungesimama? Usinijibu haraka. Mimi nilipoulizwa nilijibu haraka, tena kwa sauti ya mhubiri, na aliyeniuliza akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto anayesema akikua atanunua ndege.

Aliyeniuliza ni Weldon, dereva wa lori la kubeba majani chai huko Mogogosiek. Ilikuwa mwaka 1995. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu mwaka uliotangulia, nimekabidhiwa darasa la sita, na nilikuwa na maoni juu ya kila jambo duniani. Alikuja nyumbani kwangu Alhamisi moja jioni, mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, amevaa koti la mvua na amebeba mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani ya mfuko kulikuwa na kijitabu kilichochakaa: sheria za mashindano ya pikipiki.

"Mwalimu," alisema, "Kiswahili changu ni cha barabarani. Mimi nataka barua iliyovaa tai."

"Unamwandikia nani?"

"Klabu ya magari, kule Kericho. Nataka waige kitu kimoja kutoka kwa watu wa pikipiki. Kimoja tu. Lakini kwanza nikuulize, wewe ungesimama?"

Ndipo akanieleza habari za Johana.

Weldon na Johana walipashwa tohara pamoja, na kwa Wakipsigis jambo hilo linafunga watu kuliko damu. Mpaka uzee wanaitana *bakule*, yaani mwenzangu wa tohara. Walijifunza kuendesha kwenye trekta moja la kiwanda, mmoja akishika usukani na mwingine akisukuma likikwama. Na wote wawili walishikwa na ugonjwa mmoja: Mbio za Vumbi, mashindano ambayo klabu ile iliandaa kila mwaka kwenye barabara za udongo katikati ya mashamba ya chai. Magari hayakuondoka pamoja. Kila moja lilitoka dakika mbili baada ya lenzake, na mshindi alikuwa yule aliyetumia muda mfupi kuliko wote.

Mwaka 1988 Johana aliondoka wa pili, Weldon akaondoka wa tatu, akiendesha Datsun aliyoiazima kwa mfanyabiashara wa Kapsoit. Kwenye kona ya mikaratusi, mbele kidogo ya kituo cha kununulia majani, gari la Johana lilipinduka. Usukani ulimgonga kifuani. Msoma ramani wake alimtoa, akamketisha ukingoni, akakimbia kwenda kiwandani kutafuta simu. Johana akabaki peke yake. Ndipo Weldon akatokea.

"Aliinua mkono," Weldon aliniambia. "Mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana hivyo barabarani. Nikadhani ananiambia niko sawa, kanyaga, *bakule*. Nikapiga honi mara mbili. Nikakanyaga."

Magari mengine mawili yalipita vilevile. Msaada ulipofika, Johana alikuwa ameshaegemea kichaka cha chai, hajibu tena. Wakati huo Weldon alikuwa Kericho mjini anapewa kikombe cha mshindi wa tatu. Nimekiona kikombe hicho. Kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kama kitu ambacho mtu hawezi kukitupa na hawezi kukitazama.

Hakushindana tena. Lakini mtu asikudanganye kwamba hamu huisha. Wapakiaji wa lori lake waliniambia kwamba kwa miaka saba, kila alipofika kona ya mikaratusi, hata mvua iwe inanyesha namna gani, Weldon aliingiza gia ya pili, akapiga honi mara mbili, akaliacha lori litambae. Alitazama ukingo ule kana kwamba kuna mtu anayekaribia kuinuka, ajipanguse suruali, apande. Hakuna aliyepanda. Mwanzoni wapakiaji walimtania. Baadaye wakaacha, na mmoja wao, kijana mpya, alipouliza, wenzake walimkanyaga mguu.

Shamba la Elmina, mjane wa Johana, ambaye watu humwita Mama Fancy, liko juu ya kona hiyo hiyo. Siku za kuchuma alileta majani yake kituoni, na aliyekuja kuyabeba ni Weldon. Walisalimiana.

"Dereva, *chamgei*."

"*Chamgei mising*, Mama Fancy."

Basi. Miaka saba ya salamu. Elmina hakuwahi kumlaumu, na nadhani hilo ndilo lililomtesa. Lawama mtu anaweza kuijibu.

Kilichompa Weldon wazo ni safari ya Nakuru mwaka 1991. Alikwenda kutafuta kipuri, akapita kwenye uwanja ambako pikipiki zilikuwa zikishindana kwenye matope. Mpanda pikipiki mmoja akaanguka nyuma ya kilima kidogo, mahali ambapo wanaokuja hawawezi kumwona. Msichana aliyesimama hapo akapunga bendera ya manjano. Weldon anasema aliona vijana wote, walioonekana kama wendawazimu, wakilegeza mkono kwa pamoja. Hakuna aliyempita mwenzake. Walipokwisha kumpita aliyeanguka, wakaanza tena kuparamiana kama fahali.

"Nilisimama hapo mpaka watu wakatoka wote," aliniambia. "Nilikuwa nafikiria kitambaa tu. Kitambaa! Kama kungekuwa na mtu na kitambaa pale kwa mikaratusi, mimi ningesimama. Johana hangehitaji kuinua mkono."

Nilitaka kuandika barua usiku uleule. Damu ilinichemka. Nilisema klabu imejaa wauaji. Weldon akanituliza. Alikuwa ameifikiria sheria ile kwa miaka minne na alijua inapoishia. Kwenye pikipiki, alisema, wote wanaona bendera moja, wanapunguza pamoja, na hakuna anayepoteza kitu. Mbio za Vumbi si hivyo. Kila mtu yuko peke yake na saa yake, na anayepunguza anampa zawadi mtu asiyemwona. Kwa hiyo ukiwaletea bendera peke yake, wataiheshimu siku ya kwanza, na siku ya pili watapofuka. Lazima iongezwe sheria nyingine: anayepunguza au kusimama, mwangalizi wa kona aandike dakika alizopoteza, na arudishiwe.

"Hiyo ya kurudisha dakika umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Hiyo ni yangu," alisema, akaangalia chini.

Nikaandika. Barua ilivaa tai, na nadhani niliivalisha kofia pia. Wiki mbili baadaye tuliitwa Kericho, kwenye duka la vipuri la Zacheus, mwenyekiti wa klabu, mzee mcheshi ambaye wazazi wake walihamia kutoka Nyeri. Alikuwa na barua mkononi.

"Nani ameandika 'roho za binadamu si mafuta ya kuchomea injini'?"

"Ni mimi," nikasema.

"Ningejua tu. Dereva hawezi." Akamgeukia Weldon. "Sasa sikiza, ndugu yangu. Hii ya kurudisha dakika, watu watasimama wavute sigara, halafu waniambie walikuwa wanasaidia mgonjwa."

"Mwangalizi atakuwa hapo na saa. Atajua kama ni mgonjwa ama ni sigara."

Zacheus alicheka. Kisha akaacha kucheka. Yeye pia alikuwepo mwaka 1988. Ndiye aliyempa Weldon kile kikombe.

"Tutajaribu mwaka huu," alisema. "Kona sita, bendera sita. Jioni wanachama watapiga kura. Ikipita, ni sheria. Ikianguka, usiniletee barua nyingine, hata ikivaa suti. Umenielewa?"

Weldon alielewa. Tulipotoka nje alisimama mbele ya duka kwa muda, akifungua na kukunja vidole vyake kama mtu aliyeshuka kwenye usukani baada ya safari ndefu.

Bendera alizitengeneza mwenyewe. Alisema kitambaa kikilowa kitanata kwenye mti na hakitapepea, na kwetu mvua haiombi ruhusa. Akanunua aproni mpya za kuchumia chai, zile za mpira za manjano ambazo wachumaji hujifunga ili umande usiwaloweshe. Mkewe, Chepkemboi, akazikata na kuzishonea kwenye miti ya mkaratusi. Zilipendeza, ziling'aa. Niliipunga moja uani mpaka kuku wakatawanyika. Sisi watatu tulizitazama bendera zile, watu watatu wenye akili timamu, na hakuna aliyeona kosa.

Mashindano yalifanyika Jumapili baada ya kanisa, kwa sababu Jumapili hakuna kuchuma na malori ya majani hayako barabarani. Weldon alichagua kusimama kwenye kona ya mikaratusi. Mimi alinipanga kwenye kituo cha kununulia majani, nina bendera, saa na daftari. Kutoka kituoni unaiona kona ile ng'ambo ya bonde dogo, na nilimwona Weldon amesimama wima, bendera imekunjwa kwapani.

Gari la kwanza lilitokea kwa kishindo, halafu likapoa. Likapita mbele yangu kwa gia ya pili, dereva akigeuza shingo huku na huku. Nikajiuliza lina nini. La pili nalo likapoa. La tatu lilisimama kabisa, na dereva akatoa kichwa akawauliza akina mama walioketi kwenye veranda ya kituo, Elmina miongoni mwao, waliokuwa wametoka kanisani kutazama magari.

"Mama, ajali iko wapi?"

"Ajali si ndiyo wewe!" mmoja akamjibu, wakaangua kicheko.

Ndipo nilipogeuka nikaona. Nyuma yangu, kwenye seng'enge yote ya kituo, kulikuwa na aproni za manjano. Kila Jumamosi wachumaji huziosha, na Jumapili huanikwa pale, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo hazivaliwi. Upepo ulikuwa ukizipunga, thelathini, arobaini, kwa ustadi kuliko mimi. Weldon alikuwa amepita kwenye seng'enge ile maisha yake yote. Mimi niliipita kila Jumapili nikienda kanisani.

Nikatupa bendera nikaanza kuzianua kama mwizi.

"Wuui! Mwalimu anaiba aproni!"

"Mwachie, labda anataka kuoa mchumaji!"

"Mama, tafadhali, nisaidieni!" nililia. Nilikuwa na aproni kumi na mbili kifuani wakati gari la nne lilipopita polepole, dereva akinitazama kama kichaa. Alipogundua amedanganywa, alikanyaga kwa hasira ili afidie muda. Nilimwona akishuka bondeni, akapanda ng'ambo, na kwenye kona ya mikaratusi nyuma ya gari ikateleza. Likaingia kwenye mtaro na mkia wake ukabaki barabarani.

Weldon akaifungua bendera yake. Safari hii ilikuwa kweli. Niliiona ikipepea, ndogo, ya manjano, kama petali kwenye bahari ya majani mabichi.

Gari la tano lilikuwa la Morris, kijana wa Nakuru, aliyekuwa akipewa nafasi kubwa ya kushinda. Alipunguza mbele ya aproni zilizobaki, akaelewa, akapiga usukani kwa kofi, akaniambia neno ambalo sitaliandika. Kisha akaondoka kama risasi. Nilipiga kelele. Nilikimbia nyuma yake na aproni zangu. Alipofika ng'ambo aliona manjano nyingine ikipepea, na najua alichosema moyoni mwake, kwa sababu mtu yeyote angesema hivyo: aproni nyingine.

Hakupunguza. Weldon hakuondoka. Gari lilipita kati yake na lile la mtaroni, na kioo cha pembeni kikaipiga bendera ikaruka hewani, ikatua juu ya chai. Hakuna aliyeumia, lakini nyuma yangu akina mama hawakucheka tena.

Kura ilipigwa jioni ile kwenye chumba cha nyuma cha hoteli mjini Kericho. Morris alisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Huyu mzee wa aproni atatuua! Siku nyingine mtatuwekea nini? Nepi za watoto?"

Watu walicheka. Mimi niliona kwamba yeye mwenyewe hakucheka. Aliiweka mezani chupa yake ya soda bila kuinywa.

Kura kumi na nne zilikataa. Tatu zilikubali. Zacheus alimshika Weldon bega. "Pole, ndugu yangu. Nilikuwa kwa hizo tatu."

Njiani kurudi nilifoka. Nilisema sheria haina kosa, kosa ni rangi, tutaandika upya, tutaweka nyekundu, tutakwenda mpaka Nairobi. Weldon aliendesha lori lake. Tulipofika kona ya mikaratusi aliingiza gia ya pili, akapiga honi mara mbili, lori likatambaa.

"Kila siku napita pale kituoni," alisema mwishowe. "Kila siku nazibeba hizo aproni kwa macho. Sikuziona, Mwalimu. Na yeye nilimwona, lakini sikumwona."



Asubuhi iliyofuata niliamka mapema kwenda shuleni. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa Mogogosiek unaoanzia magotini na kufunika miti. Nilipokaribia mikaratusi nikasikia sauti ya mwanamume akiugua, halafu nikaona mkebe wa maziwa umelala njiani, na maziwa yametiririka kwenye udongo mwekundu. Kipyegon, anayepeleka maziwa kwa baiskeli, alikuwa ameteleza na kuanguka, amelala katikati ya barabara. Paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halipindi.

Elmina alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa shambani akichuma aliposikia kishindo.

"Usimsogeze!" aliniambia. "Kaa naye. Mshike kichwa."

"Gari likija?"

Alikuwa tayari anafungua kamba za aproni yake kiunoni. "Jana zilisimamisha magari bila kazi," alisema. "Leo zina kazi."

Akapanda juu ya kona, akapotea kwenye ukungu. Nilichoweza kuona ni ile manjano peke yake, imeinuliwa juu, ikienda huku na huku.

Tulisikia injini. Ilikuwa ikija kwa kasi, ya gari la mashindano, sauti ya bomba la moshi lililokatika. Kipyegon akanibana mkono. Kisha injini ikashuka gia. Ikashuka tena. Gari likatokea kwenye ukungu kwa mwendo wa mtu anayetembea, likasimama mbali na sisi. Alikuwa Morris, amerudi kutafuta bomba lake lililoanguka jana. Alishuka bila kufunga mlango. Hakusema neno kuhusu aproni. Alivua koti lake akamfunika Kipyegon, kisha akang'oa kiti cha msoma ramani kwa spana, ili mgonjwa apate pa kunyoosha mguu.

Tulikuwa tunamwingiza garini niliposikia lori. Nalijua lori lile. Honi haikulia. Lilitambaa kwa gia ya pili, likasimama mbele ya aproni, na Weldon akazima injini. Katika habari zote nilizosikia za kona ile, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Weldon alizima injini pale.

Alishuka. Elmina alikuwa amesimama katikati ya barabara, mkono umeinuliwa. Walitazamana. 

"Nimesimama, Mama Fancy," Weldon alisema.

 Elmina akashusha mkono.

"Nimeona," alisema. "Mimi naenda na mgonjwa hospitalini, huyu kijana wa Nakuru hajui njia. Malori mengine yako nyuma yako, ukungu bado, na lori lako limeziba nusu ya njia. Shika hii."

Akampa aproni. Weldon akaipokea kwa mikono miwili. Morris akageuza gari, akatoka nalo polepole, Elmina ameinama nyuma akimshikilia Kipyegon. Nami nikakimbilia darasa langu lililokwisha kuchelewa. Kwenye kilima niligeuka. Lori la kwanza lilikuwa linashuka na taa zimewashwa, na Weldon alikuwa amesimama mahali alipokaa Johana, ameinua mkono.